Barua ya wazi kwa wasimamizi wa ngome na magofu: tuko langoni, fungueni

Kwa Wakurugenzi, Wahifadhi Wakuu na Wajumbe wa Bodi mnaosimamia ngome, majumba ya kale na magofu.

YAH: KUFUNGWA NA KUTELEKEZWA KWA NGOME NA MAGOFU YASIYO NA MAJINA MAKUBWA

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Naandika hadharani baada ya kuandika barua tatu za faragha. Ya kwanza ilijibiwa na mtambo, kwa ujumbe wa kunishukuru kwa maoni yangu. Ya pili na ya tatu hazikujibiwa hadi leo. Nilipiga simu mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa mhusika yuko kikaoni. Sina ugomvi na mtu yeyote ofisini kwenu, kwa hiyo sitataja jina la mtu wala la eneo. Ila nimezungumza na wenzangu wenye mapenzi kama yangu, na kila mmoja ana kisa chake kinachofanana na changu. Jambo hili limekuwa la wengi, ndiyo maana nalileta mbele ya wengi.

Mimi si mwanahistoria. Ni mtu wa kawaida ambaye kwa miaka mingi siku yake ya mapumziko huenda kuona magofu ambayo hayamo kwenye kadi za posta: mnara uliobaki peke yake juu ya kilima, msikiti usio na paa, ukuta wa mji uliohamwa, jumba la mtawala ambaye jina lake hata wenyeji wamelisahau. Nayapenda makubwa pia. Lakini kwenye jumba kama Neuschwanstein, Ujerumani, hupita watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na mgeni huingia kwa saa aliyopangiwa na kuongozwa chumba hadi chumba. Kwenye gofu dogo unakaa juu ya jiwe mpaka macho yazoee, na baada ya nusu saa unaanza kuona mlango pale ulipodhani ni ufa. Hicho ndicho ninachokifuata.

Mwaka jana nilimchukua baba yangu, mwashi aliyestaafu, tukaenda kuona ngome mojawapo iliyo chini yenu. Tangazo lenu lilisema lango hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila siku isipokuwa Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Tulisafiri tangu alfajiri, tukafika saa nne na robo, tukakuta mnyororo. Kufuli lilikuwa na kutu, na buibui alikuwa ametanda utando kutoka kwenye kufuli hadi kwenye nondo ya lango. Utando huo haukuwa wa siku moja. Baba alisimama kimya kidogo, kisha akaanza kuuzunguka ukuta kwa nje, mkono mmoja ukipapasa mawe. Nitarudi kwenye alichokiona. Kwanza naomba niyataje malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Saa mnazozitangaza si saa mnazofungua.

Mtu aliyekwenda kwenye ngome maarufu akaikuta imefungwa anaweza kupata makumbusho jirani, au ngome nyingine mtaa wa pili. Aliyekwenda kwenye gofu la mbali hana kingine cha kufanya huko. Safari yote ilikuwa ya hilo moja. Kosa la mstari mmoja kwenye tangazo lenu linakula siku yake nzima, na kama amekwenda na watoto au mzee, wengine hawatakubali tena kufuatana naye.

Hatuombi mlinzi wa kukaa mlangoni kila siku. Ireland na Uingereza wana utaratibu wa siku nyingi: ufunguo wa gofu dogo huwekwa kwa jirani, mgeni anabisha hodi, anaupewa, anafungua mwenyewe na kuurudisha. Ufaransa, mwaka 1984, serikali ilianza siku ya milango wazi, ambapo majengo ya kale yaliyokuwa yakifungwa mwaka mzima yalifunguliwa kwa watu. Leo nchi nyingi za Ulaya huwa na siku kama hizo kila mwaka, hasa mwezi wa Septemba. Kwangu mimi, ngome inayofunguliwa Jumamosi moja tu kwa mwezi, na ikafunguliwa kweli, ni bora mara nyingi kuliko ile inayosemekana iko wazi kila siku.

2. Maneno "kwa muda" yamepoteza maana.

Kwenye lango lile kulikuwa na kibao: "Pamefungwa kwa muda kwa usalama wenu." Nilikikuta pia miaka minne iliyopita, rangi yake ikiwa bado nyekundu. Sasa imekuwa ya waridi kwa jua. Hakina tarehe ya kuanza, hakina tarehe ya kumaliza, hakisemi hatari ni ipi wala nani wa kuulizwa.

Najua mawe huanguka, na sitaki mtoto wa mtu aumie ili mimi nipate kupanda mnara. Lakini hatari hukaguliwa na kushughulikiwa. Uskoti, kuanzia mwaka 2021, mamlaka ya mambo ya kale ilizuia watu kuingia kwenye majengo mengi kwa sababu mawe ya juu ya kuta yalikuwa yameanza kulegea. Walieleza sababu hadharani, wakapandisha wakaguzi, na kadiri ukaguzi ulivyokwenda wakawa wanafungua. Watu walinung'unika, lakini walijua wanasubiri nini. Na karibu zaidi nasi, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, bahari ikila ufuo na kuta zikidondoka. Kazi ikafanyika, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Miaka 10 ni mingi, lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho. Kibao chenu hakina hata kimoja.

3. Mabao ya maelezo hayasomeki, na yanayosomeka mengine yanapotosha.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mnapopoteza watu wengi bila kujua. Gofu lisilo na maelezo ni rundo la mawe kwa asiyejua kulisoma. Watoto hulizunguka dakika tano, halafu huuliza tunaondoka lini. Kumbe ukuta wenyewe unasema, ukionyeshwa pa kuangalia. Mahali pa kuwashia moto panaponing'inia katikati ya ukuta, mita nne kutoka chini, panakuambia palikuwa na sakafu ya mbao hapo, na watu waliota moto juu ya kichwa chako. Safu ya matundu ya mraba yaliyo mbali sawasawa ni mahali mafundi walipochomeka boriti za jukwaa wakati wa kujenga. Baba aliyatambua mara moja. "Hawa walipanda kila mita moja na nusu," akasema, akinionyesha kwa kidole safu baada ya safu kwenda juu. Miaka yote naenda kwenye ngome na sikuwahi kuyahesabu.

Nyaraka pia zipo, kwa wanaozitafuta. Ngome ya Orford, mashariki mwa Uingereza, ilijengwa na Mfalme Henry II kati ya mwaka 1165 na 1173, na hesabu za hazina yake zimebaki: iligharimu zaidi ya pauni 1,400 za wakati huo. Mgeni akijua kwamba kulikuwa na karani aliyeandika malipo ya mawe haya, anayaangalia kwa jicho jingine. Kilwa ina maelezo ya msafiri Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, na kuta za jumba lake la Husuni Kubwa ni za karne hiyohiyo ya 14. Gede, pwani ya Kenya, ilichimbwa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Si kila gofu lina utajiri huo wa habari, nakubali. Lakini karibu kila gofu lina kitu: msumari, kigae cha sahani kutoka Uchina, jina kwenye kaburi.

Badala yake, mabao yenu machache yanayosomeka yanarudia hadithi zilezile. Mojawapo ni ile ya ngazi za mzunguko: kwamba zilijengwa zipande kwa kufuata mshale wa saa ili mlinzi aliye juu apate nafasi ya kuzungusha upanga kwa mkono wa kulia na adui abanwe na nguzo. Inapendeza kusikia. Watafiti wameipinga kwa sababu nyepesi, nayo ni kwamba ngazi zinazozunguka upande wa pili zipo nyingi tu, za ngome ya Caernarfon huko Wales zikiwemo. Jingine ni kutuacha tuamini kuwa kila ukuta ulianguka kwa uzee. Kuta za Corfe, kusini mwa Uingereza, zimeinama zile pembe za ajabu kwa sababu mwaka 1646 Bunge liliamuru ngome hiyo ibomolewe, nayo ikalipuliwa kwa baruti. Namna gofu lilivyokuwa gofu ni nusu ya habari yake. Tuambieni aliyelibomoa na sababu yake, au kwa nini watu walihama.

4. Mnatengeneza kwa saruji kuta zilizojengwa kwa chokaa.

Nimeahidi kusema alichokiona baba. Upande wa nyuma wa ngome ile, ukuta umezibwa kwa saruji, kazi ya miaka ya karibuni, imesawazishwa vizuri kwa mwiko. Kwa macho yangu ilionekana safi kuliko sehemu nyingine zote. Baba akachuchumaa, akaingiza ukucha kwenye mshono kati ya saruji na jiwe. Jiwe likatoka kwa magamba, kama ngozi ya kitunguu. Saruji ilibaki nzima. Akanipa gamba moja mkononi. Lilikuwa na ubaridi wa maji ndani ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa siku kadhaa.

Akanieleza kama anavyomweleza kibarua wa siku ya kwanza. Chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu. Ukuta ukinywa maji ya mvua huyatoa kupitia kwenye chokaa, na kama kuna kitu cha kuchakaa basi ni chokaa, ambayo fundi ataibandua na kuipaka upya baada ya miaka. Saruji ni ngumu na inaziba. Maji yakikosa njia pale, hutokea kwenye jiwe lenyewe, na jiwe ndilo linaloliwa. "Wameokoa kazi wakaua ukuta," alisema. Haya si siri ya wazee. Wahifadhi wa majengo ya kale wameyasema kwa miongo mingi, na Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao taasisi kama zenu huutaja kwenye maandiko yao, unataka ukarabati uheshimu vifaa vya asili na ukome pale kubahatisha kunapoanza. Kwenye pwani yetu chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe, na kuta walizozijenga nayo zimesimama karne sita na zaidi. Tunaomba kujua: nani aliidhinisha saruji ile? Alikaguliwa na nani?

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Lango lililofungwa linaweza kufunguliwa kesho. Jiwe lililogeuka unga halirudi.

5. Wazee na wenye ulemavu hawafikiriwi kabisa.

Siombi lifti kwenye mnara wa karne ya 13. Naomba benchi moja kivulini, choo kinachofungika, na njia isiyo na mtaro wa kurukwa kati ya barabara na lango. Na pale ambapo haiwezekani, semeni kwenye tangazo: njia ina ngazi kadhaa, haina reli, inateleza mvua ikinyesha. Mtu ajipime akiwa nyumbani kwake, asije akajua akiwa ameshafika.

6. Pato la ngome maarufu haliwafikii ndugu zake.

Nimekaa nikisoma taarifa zenu za mwaka. Kurasa zinajaa picha za maeneo mawili matatu yaleyale. Maeneo madogo yanatajwa kwa jumla, kwenye jedwali, mwishoni. Ni haki kwamba penye watu wengi pawe na matunzo zaidi. Lakini mnapoweka taa za rangi kwenye ngome moja wakati nyingine haina kufuli linalofunguka, huo ni uamuzi uliofanywa na watu, na watu wanaweza kuubadilisha.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, maana baadhi nimeshayasikia kwa njia ya simu.

Mtasema wageni ni wachache. Watakuwaje wengi kwenye lango lenye utando wa buibui? Uchache huo mnauhesabu kwa tiketi, na mahali pasipofunguliwa hapauzi tiketi. Tulipokuwa pale, kwa muda wa saa mbili, walikuja watu wengine wanne, wakatikisa mnyororo, wakapiga picha kupitia nondo, wakaondoka. Hao hawamo kwenye hesabu yenu.

Mtasema hakuna fedha. Naamini. Lakini mengi ya ninayoyaomba hayahitaji fedha nyingi: tangazo la kweli, tarehe kwenye kibao, ufunguo kwa jirani mwaminifu. Huko Wales kuna mnara uitwao Dolbadarn, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 13 na mtawala wa Wales, Llywelyn ap Iorwerth. Uko mwendo mfupi tu kutoka Caernarfon, ngome inayopokea makundi ya watalii. Dolbadarn haina kiingilio wala kibanda cha tiketi. Mgeni hupanda njia ya miguu, anafika, mnara uko wazi mbele yake. Mchoraji Turner aliuchora, akaionyesha picha hiyo London mwaka 1800, na hadi leo watu wanapanda kwenda kusimama hapo chini yake.

Mtasema mkifungua, waharibifu wataingia. Hapa nawaomba mfikirie tena, kwa sababu mmeligeuza jambo. Mwizi wa mawe na mchora kuta hapendi macho. Anapenda mahali pasipofika mtu. Upande ule wa nyuma, mbali na lango, majina yaliyochorwa kwa makaa yalikuwa mapya. Mnyororo wenu haukumzuia aliyeyachora, ulituzuia sisi. Mahali panapopita watu kila wiki, jirani akiwa na ufunguo na sababu ya kujali, pana walinzi msiowalipa mshahara.

Na mtasema kuna wataalamu, sisi watu wa nje tuache. Tunawaheshimu wataalamu. Ila fundi wa chokaa ni mtaalamu pia, na wengi wao wamezeeka kama baba. Kule Guédelon, Ufaransa, tangu mwaka 1997 wanajenga ngome kwa mbinu za karne ya 13, jiwe kwa jiwe, na watu hulipa kiingilio kwenda kuwatazama mafundi wakichanganya chokaa na kuchonga mawe. Wameugeuza ufundi wenyewe kuwa sababu ya watu kutoka majumbani mwao. Ninyi mnao mafundi, mnazo kuta zinazohitaji kazi. Mmewahi kuwaita wananchi waje waone hata siku moja?

Basi tunachoomba ni hiki:

(a) Ndani ya siku 30, tangazeni orodha ya kila eneo mlilo nalo na hali yake ya kweli: lipo wazi, linafunguliwa kwa ahadi, au limefungwa. Kwa lililofungwa, andikeni sababu, siku ya ukaguzi wa mwisho na siku ya ukaguzi ujao.

(b) Kwa kila eneo lisilo na mlinzi, tafuteni mshika ufunguo kati ya majirani, mpeni posho na mumheshimu kwa kumtaja kama sehemu ya kazi yenu.

(c) Simamisheni mara moja matumizi ya saruji kwenye kuta za chokaa, mpaka mhifadhi mwenye ujuzi wa chokaa azikague na ripoti yake iwekwe wazi.

(d) Andikeni upya mabao ya maelezo, mkianza na mawe yaliyo mbele ya msomaji, kwa lugha anayoielewa mtoto wa miaka kumi. Wapo wengi wetu tutakaosaidia kuyaandika na kuyasahihisha bila malipo.

(e) Mtupe mtu mmoja, mwenye anwani na simu inayopokewa, wa kuulizwa habari za maeneo madogo.

Nakala ya barua hii nimeiacha ofisini kwenu, pamoja na picha za ule mshono wa saruji, zilizopigwa karibu na kwa mwanga mzuri. Lile gamba la jiwe ninalo nyumbani, nimelihifadhi kwenye bahasha. Baba aliniambia si letu, ni la ukuta, na akaniagiza nilirudishe siku lango litakapofunguliwa. Nipeni tarehe, nitalileta mwenyewe, na baba atakuja na timazi yake kuwaonyesha mahali ukuta wa nyuma ulipoanza kuinama.

Wenu kwa heshima,

Mgeni wenu wa miaka mingi